Moja kwa Mia

Mita moja ya meli ni sentimita moja mezani.
Hiyo ndiyo sheria, na sheria ikishakubaliwa
hata manowari ya Mwingereza huingia Kaloleni
kwa mlango wa jikoni, ikakaa kando ya birika.

Tumbo lake nimelichonga kwa mvule,
vipande vya kuokota kwa waseremala wa majeneza, Kibuye;
hawakuniuliza urefu wa marehemu.
Mabati ya ubavuni ni kopo la maziwa,
nimelikata kwa mkasi wa Perpetua
(akanuna siku mbili),
nikayadunga kwa sindano, upande wa ndani,
ribiti mia nane na kumi na mbili.
Jicho la kushoto likalalamika,
nikaendelea na la kulia.

Nyaya za simu nazo zimerudi kazini.
Miaka thelathini na mmoja nilipanda nguzo, Ahero hadi Maseno,
nikiwaunganisha watu wapate kugombana vizuri;
leo shaba ileile ni ngazi,
ni reli ya sitaha, ni kamba za mlingoti.
Mzinga wa mbele ni sindano ya hospitali, nimeikata butu.
Mnyororo wa nanga ni mkufu. Wa nani, sisemi.
Na chini ya mstari wa maji, rangi ya kucha,
kwa kuwa duka la rangi linauza kwa lita
na meli yangu hushiba kwa kifuniko.

Nina picha moja tu ya kufuata.
Gati la Kisumu, vita vya kwanza, mchana mkali.
Mzungu wa kofia pana kajishika kiuno.
Mzinga umefunikwa turubai kama mgonjwa.
Askari wanne, mbuzi mmoja, bendera isiyo na upepo.
Nimezipitia nyuso zote kwa lenzi:
babu hayumo.

Hayumo kwa sababu moshi umo.
Tazama dohani, moshi ule mzito, mweusi,
ndiyo picha ya Nyangweso:
yuko chini, anatia kuni.

Aliulizwa habari za vita, akasema, Joto.
Adui alikuwa na sura gani?
Mdomo wa tanuri.
Mzinga aliusikia kwa nyayo.
Walikwenda hadi upande wa Mwanza, wakarudi,
na ziwa lote aliloliona lilikuwa ndani ya ndoo.
Daftari la meli liliandika: wachochea moto, sita.
Likafungwa.

Basi nimemtengeneza. Milimita kumi na saba,
hafikii nusu ya kijiti cha kiberiti.
Mgongo nimeuinamisha.
Mkono wa kulia nimeugusa kwa ncha ya moto
pale palipokuwa na kovu nililolipapasa utotoni,
laini, baridi, kama tumbo la kambare.
Tanuri lina karatasi ya peremende, ile ya chungwa.
Kuni ni vijiti vya meno.

“Na ukishafunika sitaha,” Perpetua akauliza,
“nani atamwona?”

Sikuwa na jibu, nikachukua keekee.
Nikatoboa kidirisha kwenye ubavu wa kushoto,
mahali ambapo meli ile haikuwa nacho,
mbele ya macho yake, sawasawa na kimo chake.
Ribiti tatu zikaharibika.
Sheria nimeivunja hapo, na hapo tu.

Kisha nikafunika, nikatia gundi, nikangoja usiku kucha.

Asubuhi, nilipoiinua kuipeleka juu ya kabati,
kitu kikagonga ndani: tik.
Nikainamisha kidogo. Tik, upande wa pili.
Ameachana na tanuri.

Perpetua anasema ni gundi ya bei rahisi.
Huenda.
Nimeiweka polepole, kidirisha kikielekea nje,
ijapokuwa kutoka kwetu ziwa halionekani,
ni mapaa tu, na tangi la maji la jirani,
nikaenda kusugua rangi ya kucha vidoleni.